Tulipomhamisha Vailet

Jumatatu, 11 Novemba 2024

Choo cha wasichana kimetitia! Mvua ya tangu Jumamosi. Tumefika asubuhi tukakuta ukuta wa nyuma umelala na sakafu imekatika vipande kama mkate mkavu. Namshukuru Mungu kimeanguka shule ikiwa tupu. Hakuna mtoto aliyekuwa ndani. Hakuna. Nimelirudia neno hilo kutwa nzima.

Mwalimu Mkuu, Mama Imakulata, kagongelea mbao mlangoni kwa mikono yake mwenyewe, na kitenge chake cha kikao. Wasichana wamebaki na choo chetu walimu, matundu mawili. Foleni ya mapumziko ilifika hadi mlangoni kwangu, na kengele ilipolia nusu ya darasa la nne ilikuwa bado imo kwenye foleni. Nimefundisha hesabu za sehemu kwa walioingia. Vailet wangu hakuwemo — alikuwa kasimama nje, amebana miguu. Ndiyo taabu ya kumfundisha mwanao. Unamwona, na huwezi kumpendelea.

Sospeter, mwenyekiti wa kamati ya shule, kafika kabla ya chai. Suruali ya ofisini ndani ya matope. Kapiga picha, kapiga simu pale pale: ndugu yangu, njoo ujionee kwa macho. Mchana fundi mkuu wa halmashauri kashafika na futi yake. Mwenyekiti ndiye huyo! Anajua nani wa kumpigia, na akipiga anapokelewa.

Alhamisi, 14 Novemba

Fundi kasema lichimbwe shimo jipya upande wa juu, mbali na maji. Yaandikwe makadirio, yapelekwe, yafuatiliwe. Sospeter kasema, hilo niachieni mimi.

Wakati tunasubiri — Tatu kajitolea. Tatu ni mama yake Maulida, ana genge la mboga Maili Moja hapa Kibaha, naye ni mjumbe wa kamati. Amepanga nyumba nyuma kabisa ya shule. Kasema wasichana wadogo waje kwake. Nikamuuliza, na mwenye nyumba je? "Nitamalizana naye, Mwalimu. Mtoto hawezi kusubiri mafaili."

Basi watoto wanavuka uwanja wawili wawili wameshikana mikono, Maulida mbele anawapanga kama askari. Sauti! Unaisikia hadi ofisini.

Maulida na Vailet wanakaa dawati moja tangu darasa la kwanza. Wageni huuliza kama ni ndugu. Mmoja anaitwa Maulida na mwingine anavaa rozari, lakini wanauliza hivyo hivyo.

Ijumaa, 22 Novemba

Chumba cha walimu leo hakikaliki. Sospeter anahamisha watoto wake. Wote! Januari wanaingia ile Inglishi midiamu mpya ya kulipia ya kule juu, yenye geti jekundu.

Siamini. Nitamuuliza mwenyewe.

Jumamosi, 23 Novemba

Nimemkuta sokoni na mkewe. Mke kanisalimia kwa mbali akageukia nyanya. Sospeter kanisogeza pembeni.

Kasema si mtu wa kukimbia. Binti yake wa darasa la tatu, tangu choo kilipoanguka, alikuwa hanywi maji asubuhi ili asiende foleni. Anajizuia hadi arudi nyumbani. Akashikwa na homa, kumbe ni njia ya mkojo. Kalazwa. "Mama yake akaniambia pale pale wodini: wewe baki na uenyekiti wako, mimi wanangu nawatoa. Ningemjibu nini, Mwalimu?"

Mimi ningemjibu nini?

Mwenyekiti lazima awe mzazi mwenye mtoto shuleni. Kwa hiyo anaachia. Nikamuuliza, na choo? Kacheka kidogo, kama niliyemuonea. "Kwani nahama mji? Nitafuatilia."

Jumapili, 1 Desemba

Baada ya misa tumekula, Vailet katoka kwenda kucheza. Fabian akazima televisheni. Mume wangu akizima televisheni ujue kuna jambo.

"Mama Vai, na sisi tumtoe."

Nilijua litakuja. Pale kiwandani Kwala anakosimamia zamu, wenzake wote watoto wao wanapanda basi la shule. Nikasema: mimi ni mwalimu wa shule ile. Nikimtoa wangu, ninawaambia wengine kwamba hata mimi siamini ninachowafundisha.

Hakukasirika. Kanieleza tena habari ya Form One yake. Alimaliza la saba Kisarawe akiwa wa kwanza. Wa kwanza! Akaingia sekondari, mwalimu wa biolojia akaingia na Kiingereza chake, na Fabian akawa bubu. Mwaka mzima. Alikuwa anajua majibu, hajui maneno ya kuyasemea. Wenzake wawili waliotoka Inglishi midiamu walikuwa wananyoosha mikono, naye anawatazama. "Siku moja mwalimu akasema, this one is sleeping. Sikuwa nimelala, Honorata. Nilikuwa natafuta neno."

Miaka mingi tumeoana, na ni akifika pale tu ndipo ananiita kwa jina.

Nikamwambia tutaona. Neno la woga hilo, tutaona.

Ijumaa, 6 Desemba

Tumefunga shule. Kamati ikakaa chini ya veranda maana ofisini hapatoshi.

Sospeter kakabidhi. Kashukuru, kaomba radhi. Kisha Mama Imakulata akauliza nani atamrithi. Wale waliozoea kusema hawakuwepo — ama wamehama, ama wanahama. Afisa wa benki hayupo. Nesi hayupo. Mzee wa stoo ya vifaa vya ujenzi kamtuma mke wake aseme anaumwa.

Ndipo mama mmoja akasema, si yupo Tatu? Wakapiga makofi kabla hajakubali.

Tatu kasimama, kajifunga mtandio vizuri. "Haya. Ila mjue nini mmechagua. Mimi sina namba ya simu ya mkubwa hata mmoja." Tukacheka. Na yeye kacheka. Lakini lilikuwa neno la kweli.

Nikabaki na Mama Imakulata anasaini barua za uhamisho. Kila siku wiki hii imekuja moja, au mbili, au zaidi. Nikamuuliza kwa nini hazungumzi nao, hawazuii hata kwa maneno. Akavua miwani.

"Wanangu walisoma Inglishi midiamu, Mwalimu. Nilikuwa nafundisha Chalinze wakati ule. Asubuhi nawapandisha basi, kisha naingia darasani kuwafundisha wa wenzangu. Sasa nimzuie nani?"

Akaendelea kusaini.

Jumamosi, 14 Desemba

Intavyuu ya Vailet, kule geti jekundu. Nimekwenda. Nilijiambia naenda kuangalia tu.

Vailet kafanya mtihani chumba kingine. Sisi tumekaa kwenye makochi ya ofisini, Fabian kanyoosha mgongo kama ndiye anayetahiniwa. Akaja mwalimu wa taaluma, mtu mpole. Hesabu, mtoto ni mzuri sana, hongereni. Kiswahili vizuri. Ila Kiingereza bado. Kwa hiyo wanashauri arudie darasa la nne.

Vailet akaingia akasikia. "Nirudie? Kwani nimefeli?"

Fabian kampakata mtoto mkubwa yule kama kichanga. Hujafeli, mama. Unaanza upya kwa lugha, basi.

Nikaomba nionyeshwe choo. Choo cha wasichana. Maji yanatoka. Sabuni ipo. Masinki yamewekwa chini, kimo cha mtoto — kuna mtu aliinama akapima kimo cha mtoto! Milango ina komeo kwa ndani. Kuna kopo la pedi lenye mfuniko.

Nimesimama pale muda mrefu kuliko niliokaa ofisini. Nimelia. Choo tu, Honorata! Choo tu. Nikanawa uso kwenye sinki la watoto nikatoka.

Alhamisi, 26 Desemba

Mzenga, kijijini kwao Tatu. Kaja na Maulida kumsalimia mama yake, na Vailet kaning'ang'ania wiki nzima tuje nao. Fabian yuko zamu. Haya, tumekuja. Hadi Mlandizi kwa gari, toka pale bodaboda, mashamba ya mihogo kushoto na kulia, tope jekundu hadi kwenye meno.

Mama yake Tatu hana habari na mimi kuwa mwalimu. Kanikabidhi kisamvu nitwange. Watoto wamepotelea kwenye minanasi. Nawasikia tu wakicheka.

Sijamwambia Tatu lolote kuhusu ile shule. Vailet naye hajamwambia Maulida. Nilimwonya. Nimemfundisha mwanangu kumficha rafiki yake, na kaweza vizuri. Hilo ndilo linaniuma.

Ijumaa, 27 Desemba

Leo tumepita shuleni pao. Shule ya madarasa machache, walimu wachache zaidi. Nilikuta watu juu ya paa, sikukuu hii! Bati zilipeperuka na upepo, wazazi wamepanda kuzipigilia. Lori limesimama uwanjani limejaa mchanga. Tatu akaniambia ni la Seif, mfanyabiashara wa korosho, ndiye mwenye uwezo kuliko wote hapa. Binti yake anasoma humo. Wa mtendaji anasoma humo. Wa mwalimu mkuu pia. Hakuna shule nyingine ya kuwapeleka.

"Unaona," Tatu kasema. "Mvua ikinyesha inamnyeshea na mtoto wa Seif."

Akaenda kuwashikia ngazi waliokuwa juu.

Seif mwenyewe akashuka, kanisalimia kwa heshima, mtu mzima wa makamo. Aliposikia natoka Kibaha na ni mwalimu, akanivuta kando ya lori.

"Mwalimu, ile shule mpya ya kule kwenu, yenye geti jekundu. Wana bweni?"

Nikasema nasikia wanajenga. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Akapanda tena kwenye mchanga na koleo.

Sikumwambia Tatu alichoniuliza.

Jumamosi, 4 Januari 2025

Matokeo ya darasa la nne! Fabian kayafungua kwenye simu, mimi nimefumba macho kama mjinga. Vailet wastani B. Tumeshangilia. Kisha tukashusha orodha kidogo.

Maulida A. Hesabu A, Sayansi A, Kiingereza A! Kiingereza — kwa Abdala, mwalimu wa kujitolea, kitabu kimoja watoto wanne.

Tatu kaja jioni na tikiti maji kubwa, kalibeba kichwani toka stendi. Mumewe Kibwana nyuma yake, fundi mwashi, mtu asiyesema sana, leo kasema. Kamsifia kila mtu: mimi, Mwalimu Abdala, hadi aliyeandika maswali. Kasema, Mwalimu, mwanangu huyu atafika. Fabian kamshika mkono kwa mikono yote miwili. Akanitazama. Nikaenda kutafuta kisu cha tikiti.

Walipoondoka Fabian kasema maneno niliyokuwa nayaogopa: "Tungekuwa na uwezo wa wawili..." Hatuna. Mmoja wenyewe ni kwa kubana. Anajua, na mimi najua. Lakini nimempenda kwa kulisema.

Jumanne, 7 Januari

Abdala kaja nyumbani. Kijana wetu wa Kiingereza, kaja kujitolea tangu amalize chuo. Mchangamfu, anaimbisha watoto vitenzi mpaka walinzi wa jirani wanavijua. Leo kakaa ukingoni mwa kochi.

"Madam, nimepata kazi."

Nikashangilia! Wapi?

Kataja. Geti jekundu.

Akasema upesi upesi, kama aliyeyakariri: Madam, nimefundisha kwa nauli ya kuchangiwa na wazazi. Wale waliokuwa wanachangia wamehama. Mwezi wa kumi na moja nilitembea kwa miguu kwenda na kurudi. Mama yangu ananiuliza lini nitaoa. Nipongeze tu, Madam.

Nikampongeza. Nikampikia chai na chapati. Anastahili! Nani anastahili kuliko yeye?

Lakini alipotoka nikakaa jikoni. Walioweza kumlipa wameondoka, yeye kawafuata. Maulida kapata A kwa mtu huyu. Mwaka huu darasa la tano halina mwalimu wa Kiingereza. Nitapewa mimi, najua, juu ya hesabu zangu. Kiingereza changu kilichochoka.

Fabian aliporudi nikamwambia: nunua sweta la shule ile.

Hakuuliza kwa nini. Alikuwa keshalinunua. Lilikuwa kabatini, nyuma ya mashuka.

Alhamisi, 9 Januari

Nimekwenda kumwambia Tatu kabla hajaambiwa na mtu.

Alikuwa gengeni anachambua nyanya, zilizopondeka pembeni. Nikavuta kigoda. Nikasema moja kwa moja, maana nikizunguka nitatoroka: Da Tatu, Vailet tunamhamisha.

Mikono haikusimama. Nyanya nzuri huku, mbovu kule.

"Lini?"

Jumatatu.

"Mwanao anajua tangu lini?"

Tangu kabla ya Mzenga.

Hapo mikono ikasimama. Akaniangalia. Nilitaka anitukane, ningepumua. Hakunitukana.

"Mwalimu, nikikwambia ukweli, ningekuwa na uwezo ningemtoa wangu kabla ya wako. Usinifanye mimi malaika. Kila mama ana macho." Akachukua nyanya nyingine. "Lakini umekula ugali wa mama yangu ukalala kwenye kitanda chake, na hilo umelikalia moyoni. Kisa?"

Niliogopa.

"Uliniogopa mimi? Mimi Tatu?"

Mteja akaja. Akampimia vitunguu, akamrudishia chenji, akamuuliza hali ya mumewe. Kisha akanigeukia, sauti ya chini, haikuwa ya hasira hata kidogo.

"Kuna jingine. Ukisimama kwenye mkutano wazazi wanakusikiliza, unajua kwa nini? Si kwa ualimu wako. Walimu wapo wengi. Ni kwa kuwa Vailet anakaa na wetu, anapanga foleni na wetu. Sasa mimi ni mwenyekiti. Nitamsimamisha nani aseme?"

Akanifungia nyanya nzuri kwenye mfuko. Nikatoa pesa, akakataa. Nikasisitiza. Akapokea. Siku zote tulikuwa tunabishana na mwisho namwachia anipe bure. Leo kapokea.

Jumatatu, 13 Januari

Shule zimefunguliwa.

Basi limekuja kukiwa bado na ukungu. Vailet kapanda hakugeuka. Sweta limemmeza.

Mimi nikashuka kwa miguu kwenda shuleni kwetu. Nimepanda na darasa langu, sasa tuko la tano. Maulida kakaa dawati lile lile, karibu na dirisha, kaweka mfuko wake mahali pa Vailet. Hata kipindi cha pili hakijafika, watoto wawili wapya wameshajibana pale. Mfuko ukarudi mapajani.

Wakati wa mapumziko kaja mezani kwangu. "Shikamoo Mwalimu. Vailet anaumwa?"

Kumbe Tatu hajamwambia! Kaniachia mimi.

Nikamwambia. Kasikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama kidogo kama anaposikiliza hesabu ya maneno. Akasema, "Ahaa." Kisha: "Amerudia la nne? Lakini yeye anajua." Akatoka kwenda kupanga foleni yake ya wadogo.

Jumatano, 15 Januari

Vailet hali. Chakula kimepoa mezani. Nimemvua sweta nimkague kama kapigwa. Hapana. Kisha akasema mwenyewe, uso kauelekeza ukutani.

Kuna kibao. Cha mbao, kina kamba. Ukisema Kiswahili unavishwa, unakaa nacho mpaka umsikie mwenzio kakisema ndipo umvishe yeye. Alisema "jamani" penseli ilipoanguka. Jamani! Kakaa nacho tangu asubuhi. Hakumkamata mtu, maana hakutaka kumvisha mwingine. Abdala alimkuta nacho uwanjani akamvua kimya kimya, akaingia nacho ofisini.

Fabian alisimama mlangoni. Kasikia yote. Nilidhani atapiga simu, atagomba. Kaenda akakaa kwenye ngazi ya nyuma. Nikamfuata. Kasema, bila kunitazama: "Nilitaka asipate nilichopata mimi."

Nikasema tumrudishe.

Akauliza: "Kwenye choo gani?"

Tumekaa pale hadi mbu wakatufukuza.

Alhamisi, 16 Januari

Siku kavu, haina jipya. Vipindi vyote hesabu, kisha Kiingereza. Nimewaimbisha vitenzi vya Abdala. Wanavikumbuka kuliko mimi.

Ijumaa, 17 Januari

Mwenye nyumba wa Tatu kafunga choo. Shimo lake limejaa, na kweli, si la kubeba shule. Kaweka kufuli. Leo wasichana wakubwa wawili wa darasa la saba hawakuja, na nimeambiwa sababu kwa kunong'onezwa. Wako kwenye siku zao. Wataendaje?

Tatu na mimi tumempigia Sospeter, sauti ya wazi tusikie wote. Kapokea upesi. Kasikitika kwa dhati kabisa. Kasema faili lilifika mahali fulani, atauliza. Kwa nyuma tukasikia watoto wake wanaimba Kiingereza. Tatu kashukuru, kakata simu. "Hana ubaya," kasema. "Hasikii harufu tu."

Kaitisha mkutano wa wazazi kesho. Wachimbe wenyewe. Wanaume koleo, wanawake maji na mawe. Na pia aseme na wale wenye barua za uhamisho mkononi, wangoje kidogo. Kaniomba nifungue mkutano.

Nikamwambia: Da Tatu, si ulisema mimi sina tena...

"Nilisema. Na mwingine sina."

Nyumbani nikamweleza Fabian. Papo hapo kasema atatoa saruji, mifuko itakayohitajika, na fundi wa Kwala aje kupima. Nilimpelekea Tatu habari hiyo kwa simu, nimefurahi. Kashukuru sana, kamwombea dua. Kisha akasema, "Saruji ya mwaka huu tumepata. Na mwakani kikianguka, baba Vailet nani atamwambia, na mtoto wake hayumo?"

Jumamosi, 18 Januari

Naandika chumba cha walimu. Nimewahi, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Wazazi wanaingia. Kibwana kaja na koleo mbili na wenzake wa saiti. Akina mama na ndoo. Vilevile wamo watu wa magari, wamesimama kando na funguo mkononi — wenye barua za uhamisho ambazo Mama Imakulata hajasaini bado. Kumbe wamekuja! Baadhi watabaki au wataondoka kwa atakachosema mtu leo.

Vailet kakataa kubaki nyumbani. Kaja na sketi yake ya bluu ya zamani, imempanda magotini. Nilidhani Maulida atamgeuzia mgongo. Kwa muda alimgeuzia. Vailet kasimama nyuma yake kama nguzo. Sasa wako nje ya dirisha hili. Sioni, nasikia.

Maulida: "Soma tena."

Vailet anasoma kitabu cha kule, sentensi moja moja. Maulida anafuatisha. Kisha anamuuliza maana. Kisha wanabishana maana. Vailet kasema "jamani" kwa sauti kubwa, mara mbili, hakuna aliyemfanya kitu.

Tatu kaingia. Kavaa baibui jipya na viatu vya kufunika. Kakaa kwenye meza, hakukaa kwenye kiti. Kasema yule bwana wa stoo ya vifaa anazunguka huko nje anawauliza watu: huyu Mwalimu Honorata anayekuja kutuambia tubaki, wake yuko wapi siku hizi? Wengine wanacheka. Wengine hawajui, wanauliza, yuko wapi?

"Wakiniuliza hadharani niwaambie nini, Mwalimu? Naweza kusema hilo si ajenda ya leo. Nina haki, mimi ndiye mwenyekiti."

Nikamwambia asiwajibie. Nitajibu mimi.

"Utasema nini?"

Nimesema sijui.

Akainuka, akaninyooshea kola ya gauni, akabaki ameshika bega langu.

"Basi twende ukiwa hujui."

Mwalimu wa zamu anagonga kengele. Tatu kafungua mlango, kauachia wazi, ananingoja. Nje bwana wa stoo keshanyoosha mkono, mkutano haujaanza. Naweka kalamu, naenda kumjibu.